Chatu Si Mbwa

Chatu ni nyoka mkubwa sana. Hana sumu, lakini ana meno makali na nguvu nyingi. Hupenda mahali penye majani marefu na maji. Mahali kama hapo ni pengi katika jimbo la Lualaba: kando ya mto, na karibu na ziwa la Nzilo, upande wa mji wa Kolwezi.

Je, chatu aweza kufugwa? Ndiyo. Huko Bujora, karibu na Mwanza katika nchi ya Tanzania, Wasukuma hucheza ngoma pamoja na chatu. Kila mwaka, katika sikukuu ya Bulabo, watu wengi hukusanyika kuwatazama. Lakini kushika chatu ni kazi ya kujifunza.

Mtu ajuaye nyoka hamshiki chatu kwa ghafula. Humwendea polepole kutoka ubavuni, si mbele ya kichwa. Humwinua kwa mikono miwili, ili mwili usining’inie. Chatu mkubwa hashikwi na mtu mmoja peke yake. Akiisha kula haguswi kwa siku kadhaa, maana akisumbuliwa hutapika chakula chake. Tena mtu aliyeshika kuku hunawa mikono kwanza. Kwa nini? Chatu hunusa kwa ulimi wake. Akipata harufu ya kuku mkononi, hudhani mkono ni kuku, naye huuma.

Mbwa humjua bwana wake na kumpenda. Chatu sivyo. Yeye huzoea tu kushikwa, urafiki haujui. Mbwa, paka, kuku na mbuzi wa nyumba ile ile, kwake ni chakula. Midomoni ana vishimo vidogo vinavyosikia joto la mnyama hata gizani. Humrukia, humkaza kwa mwili wake mpaka damu isiweze kutembea, kisha hummeza kuanzia kichwani. Chatu aweza kukaa na paka miezi mingi bila neno, na siku moja, akiwa na njaa, akamla. Kwa hiyo afugaye chatu humtia katika sanduku imara lenye kifuniko cha kufungwa, mbali na wanyama wengine.

Kuna hatari nyingine. Kifutu ni nyoka mnene mwenye madoadoa, na sumu yake ni kali. Mtoto akimwona majanini aweza kusema, “Huyu ni chatu mdogo, hana sumu.” Kosa hilo laweza kumwua.

Palipo na mahindi na kuku, panya huja. Palipo na panya, nyoka huja pia. Mtoto wa Kolwezi akiona nyoka karibu na banda la kuku, asimguse wala asimpige mawe. Arudi nyuma polepole, awaite wazee. Na mtu akiumwa, apelekwe hospitali mara moja, bila kukatwa wembe wala kufungwa kamba.

Maswali
1. Kwa nini mtu hunawa mikono kabla ya kushika chatu?
2. Chatu na mbwa wanatofautianaje?
3. Mtoto akiona nyoka afanye nini?