Jiko Lipakwe Rangi Gani?

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Fungua uingie ndani. Mtu apitaye katika mitaa ya Manika, mjini Kolwezi, huona kuta za mbele zilizopakwa rangi za kupendeza. Akikaribishwa sebuleni huona pia rangi nzuri. Lakini akifika jikoni, mara nyingi hukuta rangi iliyobaki mkebeni, au rangi ya giza iliyochaguliwa kwa sababu moja tu: ati haionyeshi uchafu. Na jiko ndilo mahali mama anapokaa saa nyingi kila siku, na ndimo hutoka chakula cha jamaa yote. Basi, wasomaji wapenzi, leo tulitazame jambo hili ambalo wengi hulidharau.

Baba asema, mama ajibu

Tuseme mume amepokea mshahara wake, naye ataka kutengeneza jiko kabla mvua hazijaanza. Amwambia mkewe: “Mama watoto, tununue rangi ya kahawia. Masizi ya mbabula hayataonekana, nasi hatutapaka tena kwa miaka mingi.”

Mkewe ajibu: “Baba watoto, masizi yasipoonekana, je, yamekwisha? Mimi ndimi nipikaye humo. Nataka kumwona mdudu angali ukutani, kabla hajaingia katika unga.”

Mume huyu si mpumbavu. Asema neno la mtu anayechunga fedha zake. Lakini mke ndiye aliyeshika shina la jambo. Rangi ya giza haiondoi uchafu, huuficha tu. Na uchafu uliofichwa hauoshwi.

Vumbi la nchi ya madini

Katika nchi ya shaba neno hili lina uzito zaidi kuliko mahali pengine. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa Mei hata Septemba, udongo mwekundu hupeperushwa na upepo na magari, ukaingia kila tundu la nyumba. Tena vumbi la Kolwezi si udongo mtupu. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na watu wakaanza kuchimba mashimo uani mwao na hata ndani ya nyumba. Baadaye watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven (Ubelgiji) walipima vumbi la nyumba za mtaa ule, pamoja na damu na mkojo wa wakazi wake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: kobalti ilikuwa nyingi kuliko katika mtaa wa jirani usiochimbwa, na watoto ndio waliozidi kuwa nayo mwilini.

Rangi ya ukuta haiwezi kulizuia vumbi hilo lisiingie, wala haimponyi mtu. Lakini ukuta mweupe humwonya mama mapema. Akiona wekundu au weusi umetanda juu ya kabati la vyombo, atachukua kitambaa kilicholowa maji na kuufuta. Asiufagie ukiwa mkavu, maana ufagio hulirusha vumbi hewani, likatua vyunguni na kuingia puani mwa watoto.

Nuru ni nusu ya kazi

Tazameni pia habari ya nuru. Ukuta mweupe ulio safi hurudisha takriban sehemu 80 katika kila 100 za nuru inayoupiga. Ukuta wa kahawia nzito hurudisha kama 10 tu. Ndiyo kusema kwamba dirisha lile lile dogo, au taa ile ile moja, hutoa mwanga mwingi katika jiko jeupe, lakini huwa kama imezimika katika jiko la giza. Umeme ukikatika jioni, mama anayechambua maharagwe kwa mshumaa hufahamu tofauti hiyo kuliko mwalimu yeyote.

Hata hivyo si lazima kila jiko liwe jeupe kabisa. Kolwezi iko kusini mwa ikweta, na katika miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini. Basi jiko lenye dirisha la kusini halipati jua wakati huo, nalo huonekana kama limepoa. Hilo litafurahishwa na rangi ya maziwa au manjano hafifu. Jiko lenye dirisha la magharibi hupigwa na jua kali la alasiri, na weupe mtupu huumiza macho. Hilo lifaa samawati hafifu au kijani hafifu. Neno “hafifu” ndilo la kushika.

Na samawati ina hadithi yake. Mwaka 1802 mwanakemia Mfaransa, Louis Jacques Thénard, alichanganya madini ya kobalti na alumina katika moto mkali, akapata buluu safi isiyofifia juani, ambayo wachoraji waliipenda sana. Nasi twajua kwamba sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia siku hizi hutoka katika Kongo yetu, na nyingi yake katika jimbo hili la Lualaba.

Chokaa na rangi ya mafuta

Mwenye fedha kidogo asikate tamaa. Chokaa ni rangi ya kale na njema. Mawe ya chokaa, kama yale yanayochimbwa Kakontwe karibu na Likasi, huchomwa katika tanuru kwa joto la digrii 900 hivi. Kisha hutiwa maji, yakachemka na kuwa uji mweupe. Ukipakwa ukutani, uji ule hunywa hewa polepole ukarudi kuwa jiwe. Zaidi ya hayo, chokaa mbichi ni kali hata koga haiwezi kuota juu yake. Kwa sababu ya ukali huo, anayepaka alinde macho na mikono yake, na watoto wakae mbali. Ukuta ulowanishwe kwanza, na chokaa ipakwe nyepesi mara mbili au tatu. Mkipenda rangi, tieni udongo mwekundu au wa manjano uliosagwa laini; chokaa haiuharibu.

Ila chokaa ina upungufu wake: hutoka ikisuguliwa, wala haishiki juu ya rangi ya mafuta. Kwa hiyo lafaa shauri la kati: sehemu ya chini ya ukuta, hata kimo cha mita moja na nusu, ipakwe rangi ya mafuta inayong’aa na kuoshwa kwa sabuni, nayo isiwe ya giza, sehemu ya juu pamoja na dari ipakwe chokaa. Masizi hupanda juu. Basi kila mwaka chokaa mpya itawekwa huko kwa gharama ndogo. Hivyo baba amehifadhi fedha zake, na mama amepata nuru yake.

Hatari iliyomo katika mkebe

Kuna jambo moja ambalo hapana budi kulisema wazi. Rangi nyingine za mafuta, hasa nyekundu, machungwa na manjano kali, zimetiwa madini ya risasi ili zing’ae. Risasi ni sumu. Rangi ikizeeka hubanduka na kuwa unga. Mtoto atambaaye hugusa unga huo, kisha hutia vidole kinywani. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama, na mtoto aweza kudhurika ubongo, akawa mzito wa kusoma. Hatari yake kwa mafundi ilijulikana zamani: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilitunga mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika rangi, na Marekani ilikataza rangi za risasi majumbani mwaka 1978.

Basi, someni mkebe kabla ya kulipa. Tafuteni maneno “sans plomb”, yaani pasipo risasi. Mkebe usio na maandishi uacheni, hata bei yake ikiwa ndogo. Na rangi kuukuu msiikwangue ikiwa kavu; ilowanisheni kwanza, mkusanye mabaki yote, na watoto wasiwepo.

Jaribio kwa wanafunzi

Ninyi wanafunzi mwaweza kuwasaidia wazazi. Chukueni vibao vitatu, mvipake kila kimoja rangi inayofikiriwa, mkavitundike karibu na mbabula kwa majuma manne. Kisha futeni nusu ya kila kibao kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Mtaona ni kipi kilichoonyesha masizi mapema, kipi kinachosafika, na kipi kilichoficha uchafu hata mlipokifuta. Vitazameni mchana na tena usiku kwa taa, maana rangi hubadilika pamoja na nuru.

Lakini kuna adui mmoja ambaye hata ukuta mweupe kuliko yote hauwezi kumwonyesha. Makaa yawakapo katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Kwa hiyo kabla ya kununua rangi, hakikisheni kwamba jiko lina dirisha linalofunguka, na tundu juu la kutolea moshi. Kama fedha hazitoshi kwa yote mawili, tundu litangulie, rangi ifuate. Na siku ya kuchagua rangi ikifika, vibao vile vitatu viwekwe mbele ya mama, maana anayepika ndiye akaaye na ukuta ule.