Tope la Shantie, Kanivo ya Jirani

Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Tia udongo wa Lubumbashi hadi theluthi, jaza maji mpaka karibu na shingo, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iweke mezani. Kabla hujavuta kiti ukae, mchanga umekwisha tua. Ukirudi baada ya kunywa chai utakuta tabaka la pili, laini zaidi, limelala juu ya mchanga. Lakini maji yenyewe bado ni mekundu kama mawese, na kesho asubuhi ukiamka yatakuwa mekundu vilevile.

Nimelifanya jaribio hili mbele ya makapita (wasimamizi wa kazi) na mafundi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na siku zote kuna mmoja anayeuliza maji yatakuwa meupe lini. Jibu linategemea ukubwa wa chembe. Chembe ya mchanga mwembamba, yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita, hushuka mita moja katika maji yaliyotulia kwa kama dakika mbili. Ile iliyo ndogo mara kumi kuliko hiyo huhitaji kama saa tatu. Chembe ya mfinyanzi, yenye upana wa sehemu ya elfu moja ya milimita, huhitaji takriban wiki mbili. Kila upana ukipungua mara kumi, mwendo hupungua mara mia.

Udongo mwekundu wa uwanda wetu umejaa mfinyanzi. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba kwenye shantie (sehemu za ujenzi) nyingi za Lubumbashi kazi ya kuzuia tope huanzia mahali pasipo pake. Watu huchimba bwawa la kutuliza maji mwisho wa kiwanja, wakaridhika. Maji ya mvua hukaa humo saa mbili tatu, yanaacha mchanga, halafu yanaondoka na mfinyanzi wote kuelekea mto Lubumbashi, Kafubu, hadi Luapula. Bwawa ni zuri, lichimbwe, ila lihesabiwe kuwa wavu wa mwisho. Udongo mwekundu hushindwa nguvu pale ulipolala, kabla tone la mvua halijaung'oa.

Na mvua zetu zina nguvu. Mji hupata kama milimita 1,200 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Machi, baada ya miezi mitano ya kiangazi kikavu kabisa. Tufanye hesabu ya parseli moja ya mita 20 kwa 30. Mvua ya milimita 40, ambayo huku wala si ya kusimulia, inamwaga juu yake lita 24,000 za maji, yaani mapipa 120 ya lita mia mbili. Penye nyasi, sehemu kubwa ya maji hayo hunywewa na ardhi. Penye udongo uliokwanguliwa na tingatinga na kushindiliwa na malori, hayana pa kuingia, basi yanakimbia. Yakikwangua milimita moja tu ya udongo kwenye kiwanja cha hektari moja, zimekwenda mita za ujazo kumi, ambazo ni mzigo wa lori la matairi kumi. Milimita moja hakuna jicho litakaloiona imepotea. Utaiona kwenye kanivo ya jirani, mtaro ule wa kando ya njia.

Sheria ipo, tena si ya jana. Sheria Na. 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu kanuni za msingi za kulinda mazingira inataka, katika kifungu cha 21, mradi wowote wa maendeleo, miundombinu au viwanda unaoweza kudhuru mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii, pamoja na mpango wa kuzisimamia athari hizo. Amri Na. 14/019 ya Agosti 2014 ilieleza utaratibu, na mwaka huohuo likaundwa Shirika la Kongo la Mazingira, ACE, lenye kazi ya kupima chunguzi hizo na kufuatilia utekelezaji wake. Miradi ya migodi ina masharti yake ya ziada chini ya Kanuni za Madini. Kwa karatasi, hatuna njaa.

Taabu ni namna karatasi hizo zinavyoandikwa. Nimesoma mipango ya usimamizi ambayo sura nzima ya mmomonyoko inaishia kwenye sentensi moja: mkandarasi atachukua hatua zinazofaa. Hatua gani? Kabla ya tarehe ipi? Nani atakwenda kuangalia, na mvua ikinyesha kiasi gani? Wamarekani, ambao sheria yao inaanza kumbana mjenzi akishafukua ekari moja, wanaandika mambo kwa namba: kiwanja kikaguliwe kila juma, au kila wiki mbili na tena ndani ya saa 24 baada ya mvua ya milimita sita na zaidi; ardhi ambayo kazi yake itasimama siku kumi na nne au zaidi ianze kufunikwa mara moja. Sina hamu ya kuiga kila cha Marekani, lakini sharti lenye namba linakaguliwa kwa saa na futi kamba. Sharti lenye neno "zinazofaa" linakaguliwa kwa maneno matupu.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia kazi ya mabohari nje kidogo ya mji. Mpango ulikuwa mzuri, ukiwa ndani ya kabati la ofisi. Ulidai uzio wa kitambaa cha kuchuja upande wa chini wa kiwanja, na uzio ukawekwa kweli: mita mia moja na zaidi za kitambaa cheusi, vigingi vimenyooka, picha zikapigwa na kupelekwa kwa mwenye mradi. Nami nilitia sahihi. Mvua kubwa ya kwanza ya Novemba ilipopita, nilikuta kitambaa kimesimama vilevile, kikavu nusu ya juu, na chini yake mashimo manne ambayo mtu angepitisha mkono. Maji hayakuchujwa hata kidogo. Yalipita chini, kwa sababu hakuna aliyechimba mfereji wa kufukia ukingo wa kitambaa. Kapita, mzee aliyekuwa amejenga Katanga hii kabla sijazaliwa, alitazama mashimo yale, akanitazama, akasema: "Papa, mayi iko na njia yake." Hakuongeza neno.

Ukingo wa kitambaa hufukiwa sentimita kumi na tano ndani ya ardhi na kushindiliwa. Vigingi hukaa upande wa chini, kitambaa upande yanakotoka maji. Tope likifika nusu ya kimo, huondolewa. Tena uzio huo haukati mfereji wala kijito, kwa kuwa haujatengenezwa kuzuia maji yaliyojikusanya, bali yale yanayotambaa kwa upana juu ya ardhi. Mambo haya manne fundi hujifunza asubuhi moja. Hayafuatwi kwa sababu uzio unalipwa kwa mita zilizosimamishwa, na mita iliyofukiwa haionekani kwenye picha.

Sasa turudi juu ya kiwanja, udongo unakoanzia safari. Kinga ya kwanza ni kalenda, nayo haiuzwi dukani. Kiangazi chetu, Mei hadi Septemba, ni zawadi ambayo wajenzi wa mahali penye mvua mwaka mzima wangeililia. Kazi ya kukata na kujaza udongo imalizike humo. Mradi ukichelewa kusainiwa hadi Oktoba, afadhali kufungua kiwanja kipande kwa kipande kuliko kufyeka hektari zote kwa wiki moja ili mwenye mradi aone kazi imeanza. Kufyeka kote ni tamasha, na jirani wa chini ndiye anayelipia kiingilio.

Kinga ya pili ni kuyaongoza maji ya watu. Kiwanja kikiwa mteremkoni, maji yanayoshuka kutoka juu yapokewe na mtaro mpakani na kupitishwa pembeni, yasikanyage udongo uliofukuliwa. Ndani ya mtaro wenyewe panga vizuizi vya mawe, kila kimoja kichwa chake kikiwa usawa na mguu wa kile kilicho juu yake. Maji hushuka kama mtu anayeshuka ngazi, badala ya kuteleza kama mtoto kwenye kilima cha mchanga.

Ya tatu ni kufunika. Nyasi kavu zilizokatwa porini, zikitandazwa mpaka udongo usionekane, huvunja nguvu ya tone la mvua, na tone ndilo linaloanza uharibifu wote: linapiga, linarusha chembe, linaziba vitundu vya ardhi. Nyasi hizo huku kwetu Agosti huchomwa moto bure. Lundo la udongo wa kujazia nalo lifunikwe turubai, likae mbali na mtaro. Njia ya kutokea malori imwagiwe mawe makubwa kwa mita kama kumi na tano, ili matairi yaache tope humo badala ya kulipeleka lami. Na ukanda wa majani kando ya kijito usiguswe, hata kama ramani ya mauzo inaonyesha pale patakuwa bustani.

Kuna mwanya ambao sheria haijauziba vizuri. Uchunguzi wa athari humdai mwenye mradi mkubwa, lakini Lubumbashi hujengwa parseli kwa parseli. Ukienda pembezoni, katika komuni ya Annexe hasa, utaona ardhi iliyokatwa miti ya makala (ya kupikia, si hii unayoisoma), kichuguu kimesawazishwa na udongo wake umefyatuliwa matofali, kisha familia inajenga chumba kimoja mwaka huu na kingine mwaka kesho. Kiwanja hubaki wazi misimu mitatu minne ya mvua. Hakuna mkaguzi wa mazingira atakayebisha hodi pale, na hata kibali cha kujenga, kikiwapo, huuliza habari za kuta na mipaka kuliko maji yatokako na yaendako. Nyumba mia za namna hiyo kwenye mteremko mmoja hutoa tope kushinda bohari lolote.

Tope hilo huishia kwenye kanivo. Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, vijana hulichota kwa koleo na kulirundika ukingoni, hatua moja kutoka lilikotolewa, na mvua inayofuata hulirudisha. Ofisi ya Barabara na Mifereji, OVD, ndiyo yenye dhamana ya mitaro mikuu, ila hakuna ofisi duniani inayoweza kuzibua kwa kasi ambayo mji mzima unaziba.

Msomaji atasema sisi si Kinshasa. Kweli, hatuna mchanga ule wa Mont-Ngafula unaobomoka hadi kumeza nyumba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature ulihesabu makorongo 2,922 katika miji 26 ya nchi yetu, na Kinshasa ni miongoni mwa iliyoumia zaidi. Lakini udongo wetu una balaa lake. Tanuru la shaba la kampuni ya Union Minière lilianza kuyeyusha mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo ulibeba moshi wake kuelekea kaskazini-magharibi. Ardhi ya upande huo ilibaki na shaba, kobalti, risasi na kadmiamu. Madini hayo hushikamana na chembe ndogondogo, zilezile zinazokataa kutua kwenye chupa. Anayefukua msingi maeneo hayo na kuacha mvua ioshe hatoi tope tu kwenye mto ambao wengine wanamwagilia mboga.

Kwa hiyo wewe unayejenga mwaka huu, kabla ya kusaini, fungua orodha ya bei ya mkandarasi na utafute mistari mitatu: mtaro wa mpakani, ufunikaji wa udongo, na usafishaji wa tope baada ya kila mvua kubwa. Usipoiona, idai iandikwe, iwe na kiasi na bei. Mkandarasi hulipwa kwa kilicho kwenye orodha, na kisicholipwa hakifanywi.