Kibali Kimo Mkononi mwa Mwajiri

Baadhi yetu tuna watoto waliokwenda kusoma Uingereza, na sasa ni makarani wa udahili katika vyuo vikuu vya huko. Hukagua vyeti vya waombaji, na vile vya Kampala wanavijua kuliko wakubwa wao.

Mhitimu hupewa kibali cha miaka 2, naye hufanya kazi popote. Watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 watapata miezi 18 tu, isipokuwa wenye udaktari. Kikiisha, sharti apate mwajiri mwenye leseni ya kumdhamini. Hapo ndipo penye shida. Mshahara wa kawaida unaotakiwa ulipandishwa Aprili 2024 kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka, na Julai 2025 ukafika 41,700. Wanaoanza kazi huwekewa kiwango cha chini kidogo, kwa muda. Karani gani analipwa hivyo?

Aliyedhaminiwa akiachishwa, kwa kawaida hupewa siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke. Basi Agosti, matokeo ya mitihani yanapotoka na simu hazinyamazi, nani atadai malipo ya saa za ziada?

Chama cha UNISON, kilichoundwa 1993, hupokea makarani wa vyuo. Waandikieni watoto wajiunge sasa, kabla shauri halijaanza.