Wiki Sita Kabla ya Maua: Huu Ndio Wakati wa Kukagua Mizinga

Mwezi Agosti, miti ya miombo inapopukutisha majani na nyasi zinapokauka, wafugaji nyuki wengi katika kata za Wilaya ya Sikonge huiacha mizinga bila kuigusa, wakisubiri maua. Hata hivyo, maumbile ya nyuki mwenyewe yanaonyesha kuwa mavuno ya msimu huamuliwa kabla ua la kwanza halijachanua.

Yai linalotagwa na malkia huchukua takribani siku 21 hadi nyuki kibarua atoke kwenye chumba cha sega. Nyuki huyo haendi porini siku hiyo hiyo. Kwa takribani wiki tatu hufanya kazi za ndani: kusafisha masega, kulisha mabuu, kujenga kwa nta na kulinda mlango. Baada ya hapo ndipo hutoka kutafuta chavua na mbochi, yaani maji matamu ya maua. Kwa hesabu hiyo, nyuki watakaokusanya asali mtundu na myombo zitakapochanua hutokana na mayai yaliyotagwa wiki sita kabla. Kundi dhaifu mwezi huu litakuwa bado linalea watoto wake wakati maua yanapukutika.

Kwa mzinga wenye nyuki, ukaguzi ufanyike jioni, na wafugaji wasiopungua wawili waliovaa mavazi ya kinga, wakitumia bomba la moshi. Mambo matatu yaangaliwe: iwapo kuna mayai na mabuu, dalili kwamba malkia yupo na anataga, iwapo kuna akiba ya asali, na iwapo wadudu waharibifu, hasa nondo wa nta na siafu, wameingia. Asali iliyobaki isikombwe. Nyuki wetu ni wepesi wa kuhama wakikosa chakula au maji, au wakisumbuliwa mara kwa mara. Chombo cha maji chenye vijiwe vya kutulia, kikiwekwa karibu na manzuki, huwapunguzia safari ndefu katika joto la kiangazi.

Mzinga mtupu nao una kazi. Masega ya zamani yaliyoshambuliwa na nondo yaondolewe, mzinga ukwanguliwe na kuanikwa juani, kisha upakwe nta safi kwa ndani ili harufu yake ivutie kundi jipya. Utundikwe kivulini kwa waya imara, ili nyegere asiufikie, na waya upakwe grisi kuzuia siafu na sisimizi.

Kazi hiyo yote inaweza kupotea kwa mchana mmoja kutokana na moto kichaa. Huu ni msimu wa kuandaa mashamba, na moto unaowashwa na mkulima mmoja huvuka mipaka ya shamba lake. Hata pale mzinga usipoungua, nyuki huhama kwa sababu ya moshi na joto, na machipukizi ya maua huteketea. Mkulima anayekusudia kuchoma mabaki ya shamba anatakiwa kwanza kupata ruhusa ya uongozi wa kijiji na kuwaarifu majirani wenye mizinga. Wafugaji, kwa upande wao, wafyeke nyasi kuzunguka manzuki. Waepuke pia kurina kwa mienge ya moto, kwani cheche zake zimekuwa chanzo cha moto porini. Bomba la moshi hufanya kazi hiyo kwa usalama zaidi.

Ujirani mwema unahitajika pia kati ya wafugaji na wakulima wa tumbaku. Dawa za kuua wadudu zikinyunyiziwa asubuhi au mchana huwakuta nyuki wakiwa kazini. Mkulima akinyunyizia jioni, nyuki wakiwa wamerejea mzingani, madhara hupungua sana. Aidha, mti uliobanduliwa gome kuuzunguka shina ili kutengeneza mzinga hukauka. Mara nyingi mti huo ni myombo au mtundu, miti ile ile inayowapa nyuki chakula. Kwa hiyo kila mzinga wa gome hupunguza malisho ya mizinga mingine yote iliyo jirani.

Vikundi vya ufugaji nyuki vinahimizwa kukagua mizinga kwa zamu na kutumia kwa pamoja mabomba ya moshi na mavazi ya kinga, badala ya kila mwanachama kusubiri hadi apate vyake. Vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa ajili ya mizinga ya kisasa na vifaa vya kuchakata asali. Maelekezo ya maombi hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Ushauri wa kitaalamu kuhusu mizinga na manzuki hutolewa na Afisa Ufugaji Nyuki wa Wilaya, na mfugaji anaweza kuanzia kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata yake.

Wahenga walinena: fuata nyuki ule asali. Kwa mfugaji wa Sikonge, safari ya kumfuata nyuki inaanza sasa, miti ikiwa bado haina maua.