Urejeleaji kwa Namba katika Tasnifu za Kiswahili: Ufafanuzi kwa Mifano ya Tafiti za Kilosa na Mikumi

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kurejelea vyanzo kwa namba katika tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili. Mifano imetokana na maandiko yanayohusu Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hoja inayojengwa ni kwamba mtindo wa namba huondoa ndani ya matini mambo mawili ambayo msomaji wa tafiti za Kilosa anayahitaji sana, yaani jina la mwandishi na mwaka wa chanzo. Aidha, sarufi ya Kiswahili huuwekea mtindo huu masharti yake yenyewe, hususani katika upatanisho wa kisarufi. Makala inaonesha masharti hayo, inaeleza makosa yanayoweza kubadili maana ya data, na inapendekeza taratibu za kuyaepuka.

1. Utangulizi

Marejeleo humwezesha msomaji kutoka kwenye dai kwenda kwenye ushahidi wake. Katika mtindo wa mwandishi na mwaka, ambao umezoeleka katika fani za lugha na sayansi za jamii, safari hiyo huanza ndani ya sentensi yenyewe, kwa kuwa msomaji huona jina na mwaka hapohapo. Katika mtindo wa namba, sentensi hubeba tarakimu tu, na taarifa nyingine zote huwekwa katika orodha iliyo mwishoni mwa kazi.

Mtindo wa namba unaojulikana zaidi hupewa jina la mji wa Vancouver, Kanada, ambako kikundi kidogo cha wahariri wa majarida ya tiba kilikutana mwaka 1978 ili kukubaliana juu ya umbo moja la miswada. Matakwa yao yalichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1979, yakiwa na muundo wa marejeleo ulioandaliwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Fani za uhandisi nazo hutumia mtindo wa namba katika mabano ya mraba. Hivyo mtahiniwa wa afya ya jamii, ikolojia au teknolojia anayeandika kwa Kiswahili anaweza kutakiwa kuutumia, ilhali mifano mingi anayokutana nayo imeandikwa kwa Kiingereza.

Kilosa na Mikumi zinafaa kwa ufafanuzi huu kwa sababu maandiko yake ni ya aina nyingi. Yapo maandiko ya kianthropolojia kuhusu Wakaguru, makala za ikolojia kuhusu wanyama wa hifadhi, tafiti za migogoro ya wakulima na wafugaji, sheria, takwimu za sensa, nyaraka za enzi ya ukoloni na masimulizi ya wazee. Kila aina ina mahitaji yake katika orodha.

2. Kanuni za msingi

Kanuni ya kwanza ni mfuatano. Chanzo kinachotajwa kwanza katika matini hupewa namba [1], kinachofuata [2], na kuendelea. Orodha ya mwisho hufuata mfuatano huohuo na haipangwi kialfabeti.

Kanuni ya pili ni udumifu wa namba. Chanzo kilichopewa [1] katika sura ya kwanza hubaki [1] kila kinaporejelewa hadi sura ya mwisho. Kukipa namba mpya kila kinapotajwa ni kuchanganya urejeleaji wa namba na utaratibu wa tanbihi, na huifanya orodha ionekane ndefu kuliko vyanzo vilivyosomwa. Pale ambapo chuo kinaruhusu kila sura iwe na orodha yake, uamuzi huo hutakiwa kutekelezwa katika sura zote.

Kanuni ya tatu inahusu umbo la ingizo. Jina la ukoo hutangulia, likifuatiwa na herufi za kwanza za majina mengine bila nukta. Kisha huja kichwa cha makala, jina la jarida, mwaka, juzuu, toleo na kurasa. Mfano ni makala inayojulikana sana kuhusu mgogoro wa Kilosa: Benjaminsen TA, Maganga FP, Abdallah JM. The Kilosa killings: political ecology of a farmer–herder conflict in Tanzania. Development and Change. 2009;40(3):423–445. Kichwa hubaki katika lugha ya chanzo. Mtahiniwa akikifasiri, msomaji atakayekitafuta katika maktaba hatakipata.

Kanuni ya nne ni ukurasa. Dai mahususi, takwimu au nukuu huhitaji ukurasa, nao huandikwa ndani ya mabano baada ya namba, kwa umbo la [1, uk. 425]. Majarida ya sayansi aghalabu huacha ukurasa kwa kuwa makala zake ni fupi. Tasnifu inayorejelea kitabu cha kurasa mia mbili haiwezi kujipa uhuru huo.

3. Namba na upatanisho wa kisarufi

Katika Kiingereza, namba inaweza kusimama kama kiima cha sentensi bila kubadili kitenzi. Katika Kiswahili haiwezekani, kwa sababu kiambishi cha kitenzi hutegemea ngeli ya nomino. Mwandishi anayeandika “[1] anaeleza” ameichukulia namba kuwa mtu mmoja, ilhali makala iliyotajwa hapo juu ina waandishi watatu. Akiandika “[1] wanaeleza”, amewarejelea waandishi. “[1] inaeleza”, makala. “[1] kinaeleza”, kitabu. Katika tasnifu moja maumbo hayo yote yanaweza kutokea kwa chanzo kilekile, na msomaji akashindwa kujua iwapo kinachotajwa ni kitu kimoja.

Suluhisho ni kuiacha namba ibaki alama na kuipa sentensi nomino yake. “Benjaminsen, Maganga na Abdallah [1] wanaueleza mgogoro wa Kilosa kwa mtazamo wa ikolojia ya siasa” ni sentensi kamili hata namba ikiondolewa. Hicho ndicho kipimo rahisi cha usahihi: sentensi isiyosimama bila namba inahitaji kuandikwa upya.

Kutaja majina kuna faida nyingine. Ufupisho wa “na wenzake” unakubalika, lakini ukitumiwa tangu mwanzo huwaacha nyuma watafiti ambao majina yao hayakutangulia. Katika mfano huu, waliofichwa na ufupisho huo ni watafiti wawili wa Kitanzania, mmoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwingine wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Inafaa majina yote matatu yatajwe mara ya kwanza, na ufupisho ufuate baadaye. Katika orodha, miongozo mingi ya mtindo huu huruhusu kutaja waandishi sita kabla ya kufupisha, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwaondoa.

4. Namba zinazogongana na data

Baadhi ya miongozo hutaka namba ya rejeleo iandikwe ndogo juu ya mstari. Umbo hilo linapokaribiana na takwimu huwa la hatari. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa. Mtahiniwa akiweka rejeleo la pili juu ya takwimu hiyo, matini itasomeka “38²”. Faili hilo likinakiliwa kama matini ya kawaida, namba ndogo hushuka mstarini na idadi ya waliouawa hugeuka 382. Hali ni hiyohiyo kwa eneo la Hifadhi ya Mikumi, kilomita za mraba 3,230, linapoandikwa kwa kifupisho chenye kipeo cha pili kisha rejeleo likabandikwa juu yake.

Kwa kuwa tasnifu siku hizi huhifadhiwa katika hazina za kidijitali na husomwa pia na programu za utafutaji, mabano ya mraba ni salama zaidi. Ni vizuri pia kutenganisha takwimu na mabano kwa nomino: “watu 38 wa kijiji hicho waliuawa [1]”. Idadi ya marehemu si mahali pa kuachia mashaka ya kiuchapaji.

5. Mwaka uliofichika

Athari kubwa zaidi ya mtindo wa namba kwa tafiti za Kilosa ni kufichika kwa mwaka. Jina “Kilosa” halijawa na mipaka ileile wakati wote. Wilaya ya Gairo ilimegwa kutoka Kilosa mwaka 2012. Hivyo takwimu za Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2002 zinapotaja Wilaya ya Kilosa hujumuisha eneo ambalo katika sensa ya mwaka 2022 limo katika wilaya nyingine. Sentensi isemayo “idadi ya watu wa Kilosa imebadilika [5,6]” inalinganisha maeneo mawili tofauti, na hakuna chochote ndani ya matini kinachomwonya mtahini. Ikiandikwa “kati ya Sensa ya 2002 [5] na Sensa ya 2022 [6], baada ya Gairo kumegwa”, tatizo linaonekana na linaweza kujadiliwa.

Mfano wa pili unahusu Mikumi, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Maandiko ya zamani husema hifadhi hiyo inapakana na Pori la Akiba la Selous. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtahiniwa anayenakili maelezo ya mipaka kutoka chanzo cha miaka ya tisini na kuyawekea [4] pekee huyawasilisha kama hali ya sasa.

Vivyo hivyo kwa ikolojia ya barabara. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia hupita ndani ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Makala ya Drews ya mwaka 1995 kuhusu wanyama wanaogongwa na magari, na ile ya Newmark na wenzake ya mwaka 1996 kuhusu athari za barabara kwa mamalia wakubwa, zote katika African Journal of Ecology, bado ni vyanzo vya msingi. Lakini data zake ni za wingi wa magari wa wakati ule. Kwa hiyo sentensi iseme “Drews, katika makala ya mwaka 1995 [7]”. Mtindo wa namba haukatazi kutaja mwaka, haulazimishi tu.

6. Sheria, nyaraka na masimulizi

Sheria hurejelewa kwa jina, namba na mwaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni Na. 5 ya 1999; Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ni Na. 5 ya 2009. Utafiti wa ardhi kando ya Mikumi unaweza kuzitumia zote mbili katika aya moja, na maneno “Sheria Na. 5” yasiyo na mwaka hayatamwambia msomaji ni ipi inayozungumziwa.

Nyaraka za kikoloni zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, hupewa namba kama vyanzo vingine, lakini ingizo hutakiwa kutaja hifadhi, namba ya jalada, kichwa cha jalada na miaka yake. Bila namba ya jalada, mtafiti anayefuata hana njia ya kuliomba.

Masimulizi ya mdomo yana utaratibu wake. Orodha ya namba ni ya vyanzo ambavyo msomaji anaweza kuvifikia. Mahojiano ya faragha hayamo katika kundi hilo. Huelezwa ndani ya matini kwa msimbo, mathalani (mahojiano M4, Kilosa), na jedwali la misimbo huwekwa katika kiambatisho. Msimbo uanze na herufi ili usichanganywe na namba za marejeleo. Kuhusu mgogoro wa ardhi, kutaja kitongoji, umri na wadhifa wa msimulizi kwa pamoja kunaweza kumtambulisha hata kama jina limefichwa. Usahihi wa rejeleo hapa unakomea pale usalama wa mtoa taarifa unapoanzia.

Chanzo kilichosomwa kupitia chanzo kingine nacho kinahitaji uangalifu. Kitabu cha T. O. Beidelman kuhusu Wakaguru, kilichochapishwa New York mwaka 1971, hutajwa mara kwa mara katika maandiko ya eneo hili. Mtahiniwa aliyekutana na maelezo yake ndani ya kazi ya mtu mwingine aandike “Beidelman, kama anavyorejelewa na” mwandishi huyo, na namba iwe ya kazi aliyoisoma yeye mwenyewe.

7. Taratibu za ukaguzi

Namba husogea. Chanzo kimoja kikiongezwa katika sura ya kwanza, vyote vinavyofuata hubadilika. Programu kama Zotero, Mendeley na EndNote hurekebisha mfuatano huo zenyewe, mradi marejeleo yameingizwa kupitia programu na hayakuandikwa kwa mkono. Sura zikiunganishwa kutoka faili mbalimbali, namba zilizoandikwa kwa mkono huachwa nyuma na huanza kuelekeza kwenye chanzo kisichohusika.

Njia ya kudhibiti hilo ni kukagua toleo la mwisho, si rasimu. Mtahiniwa achague madai yenye takwimu, afuate namba ya kila moja hadi kwenye orodha, kisha afungue chanzo katika ukurasa uliotajwa. Akague pia mafungu ya namba kama [1–4]: iwapo sentensi ina madai matatu, kila dai lipewe namba yake mahali pake, badala ya kurundika zote mwishoni.

8. Hitimisho

Mtindo wa namba unaweza kutumika vizuri katika tasnifu za Kiswahili ikiwa mwandishi atarudisha ndani ya sentensi kile ambacho namba imekiondoa: mtu aliyesema, mwaka aliosema, na ukurasa ulipo ushahidi. Kwa eneo kama Kilosa, ambako mipaka ya wilaya imebadilika, majina ya hifadhi jirani yamebadilika, na takwimu moja inahusu vifo vya watu 38, mambo hayo matatu ndiyo yanayomwezesha mtahini kupima dai na mtafiti anayefuata kuanzia pale wengine walipofikia.