Miezi ya Kazi na Pansio ya Ulema

Mara nyingi mtu anafika kwa mlango wa padri na kusema: «Padri, nilitumika miaka 25 katika mukuba. Leo kifua kinaziba, miguu haina nguvu. Sababu gani wananinyima pansio?» Tukimjibu tu: «Vumilia, ndugu», tunamwacha katika giza. Inafaa sisi mapadri, waseminari na makatekista tujue namna sheria inavyohesabu.

Pansio hii si sadaka. Ni sawa na likelemba: asiyetia hapokei. Sheria ya tarehe 29 mwezi wa sita mwaka 1961 ilikusanya mambo haya katika chombo kimoja, INSS, chenye kuitwa CNSS tangu 2018. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba mwaka 2016 ilichukua pahali pa ile ya kwanza. Kwa ajili ya pansio, kila mwezi mtumishi anakatwa 5 kwa mia ya mshahara wake, na mwenye kumpa kazi anaongeza 5 kwa mia. Basi jasho halihesabiwi. Kinachohesabiwa ni miezi iliyoandikwa na kulipwa.

Sasa tutofautishe vilema wawili.

Wa kwanza ameumia kazini, au kazi yenyewe imemtia ugonjwa, kama vumbi la mawe linaloharibu mapafu. Huyu haulizwi ametumika miaka mingapi. Hata akianguka siku ya kwanza, ana haki, kwa maana hatari za kazi zina mchango wao, na mwenye kazi peke yake anaulipa: 1.5 kwa mia. Shida yake ni nyingine: lazima ajali ipelekwe kwa CNSS bila kukawia, na munganga aandike.

Wa pili ameugua nje ya kazi: macho yamekufa, ama upande mmoja wa mwili umelegea. Hapa sheria ya 1961 ilidai mambo matatu. Kwanza, awe amepoteza theluthi mbili ya nguvu za kupata riziki. Pili, awe ameandikwa miaka 3 kwa uchache. Tatu, katika miezi 36 ya mwisho kabla ya ulema, awe na miezi 18 ya kazi yenye kulipiwa mchango.

Ni sharti hili la tatu lililoumiza watu wengi wa Kolwezi. Mnakumbuka mwaka 2003, wakati watumishi 10,655 wa Gécamines walipoondoka kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari, wakapewa feza mara moja. Tuseme mmoja alitumika miaka 25, akaacha 2003, akapofuka 2008. Miezi 36 ya nyuma yake ni mitupu. Miaka 25 haikumfungulia mlango wa pansio ya ulema. Pansio ya uzee ina hesabu yake nyingine; asiache kuiuliza.

Na wachimbaji wa mikono? Hawana mwenye kuwalipia mchango. Udongo ukiwaangukia, jamaa peke yake inabeba mzigo.

Mtu atasema: haya ni mambo ya biro, si ya altare. Lakini Papa Leo XIII mwaka 1891, na Papa Yoane Paulo II mwaka 1981, walifundisha wazi juu ya haki za mtumishi. Tena kazi tatu ni zetu kabisa.

Kwanza, majina. Mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya kikristu. Mzee mmoja ana jina moja katika kartasi za kazi na lingine katika kitabu cha ubatizo. Tutafute ukurasa ule kwa uangalifu, tuandike ushuhuda wa kweli. Kuongeza mwaka hata mmoja kwa huruma ni uongo, na uongo ukifunuliwa unaharibu haki ya mtu huyo na ya wengine.

Pili, kartasi. Tuwaonye watumishi wangali na nguvu: waulize namba yao ya CNSS, wahifadhi kila kartasi ya mshahara, hasa wale wanaobadilisha kampuni kila mara.

Tatu, nyumba yetu. Mimi mwenyewe nilikuta katika parokia moja mlinzi wa usiku aliyetumika miaka mingi bila kuandikwa popote. Alipopooza tulimpa unga na shuka, tukajisifu. Kumbe tulikuwa tukilipa kidogo deni kubwa. Mpishi, mlinzi, fundi wa bustani: hao nao ni watumishi.

Basi, kabla ya kuhubiri haki mbele ya kampuni za mukuba, tufungue kwanza kitabu chetu cha mishahara.