Diski ya Mama haiendi dukani

Kwa wale mliosikiliza kipindi cha wiki iliyopita, niliahidi kuandika ile habari ya diski ya Mama. Haya, hii hapa. Kama una haraka, ufupi wake ni huu: nilifungua kompyuta ya mezani kwa bisibisi, nikatia draivu ya Blu-ray, ikakataa, nikaibembeleza, ikakubali. Kama una nafasi, keti.

Mwaka 2012 mama mdogo aliolewa Mombasa. Mimi nilikuwa na mitihani ya chuo, sikwenda. Mama alienda peke yake, akarudi huku Westmead na halua, leso za kugawa, na kasha jembamba la rangi ya buluu. Ndani mlikuwa na diski moja, ya usiku wa kupamba. Mpiga video alikuwa dada mmoja aliyekuwa amenunua kamera mpya ya HD, na kwa kujivunia kamera yake akatoa kazi kwenye Blu-ray badala ya DVD. Hakuna aliyemuuliza kama sisi tuna mashine ya kuichezesha. Hatukuwa nayo. Diski ikakaa kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, miaka kumi na tatu.

Bibi yumo humo. Alifariki 2019. Picha zake tunazo nyingi, lakini sauti yake tuliyobaki nayo ni ujumbe mmoja wa WhatsApp wa sekunde kumi na moja, anauliza kama tumekula. Na nakala ya mama mdogo mwenyewe ilivunjika walipohamia Maskati. Kwa hivyo imebaki hii moja.

Najua utasema nini: si upeleke dukani wakunakilie? Parramatta ni stesheni moja tu kutoka hapa. Lakini kama umekulia huku na hujawahi kwenda kupamba, acha nikueleze. Ni usiku wa wanawake peke yao. Buibui zinavuliwa mlangoni, nywele zimetengenezwa, hina na piko mpaka kwenye viwiko, watu wamevaa nguo ambazo hata waume zao hawajaziona. Kwenye harusi nyingi simu zinakusanywa pale mlangoni. Mpiga video ni mwanamke, na kila aliyekubali kuingia kwenye kamera yake alikubali akijua itatazamwa na wanawake, majumbani. Sasa nimpe kijana wa dukani asiyejua lolote kati ya hayo akae nayo siku tatu? Mama alisema neno moja tu: "Amana." Basi, mjadala ukaisha. Kuipandisha mtandaoni ndiyo kabisa, usinitajie.

Kaka yangu ndiye fundi wa nyumba. Alitaka kusaidia. Mama akamwambia, "Wewe toa kompyuta, mikono atatoa dadako." Mimi kazi yangu ni famasia. Nahesabu vidonge. Nilikuwa sijawahi kufungua sanduku la kompyuta maishani, lile ambalo kule nyumbani wanaliita sipiyu.

Jambo la kwanza nililojifunza: draivu ya DVD haisomi Blu-ray, hata uiombe vipi. DVD inasomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650, Blu-ray kwa leza ya buluu inayokaribia urujuani, nanomita 405. Leza hiyo inaona alama ndogo zaidi, zilizobanana zaidi, ndiyo maana diski moja inabeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja wakati DVD inabeba 4.7. Kinyume chake ni rahisi: draivu ya Blu-ray ya kompyuta kwa kawaida ina leza zote, inasoma DVD na CD pia. Kwa hivyo kama kwenu kuna rundo la DVD za harusi (na kwenu lipo, usinidanganye), draivu moja itamaliza kazi yote.

La pili: zipo draivu za nje, unachomeka kwa USB tu, umemaliza. Kama una laptopu, nunua hiyo, usijitese. Mimi nilipata ya ndani, iliyotumika, kwa bei ya chakula cha watu wawili, na kompyuta ya kaka ni ya 2018, bado ina ile nafasi ya mbele ya inchi 5.25 iliyozibwa na kipande cha plastiki. Masanduku mengi ya siku hizi hayana nafasi hiyo tena. Angalia kabla hujalipa.

Kazi yenyewe ni dakika ishirini. Zima, chomoa umeme ukutani, gusa chuma cha sanduku ili utoe umeme tuli mwilini. Fungua ubavu. Sukuma ile plastiki ya mbele itoke, ingiza draivu kutokea mbele mpaka uso wake ulingane na sanduku, kaza skrubu pande zote mbili. Halafu waya mbili: mwembamba wa data, unaotoka kwenye draivu kwenda kwenye ubao mama, na mpana zaidi wa umeme, unaotoka kwenye pawa saplai. Vichwa vya SATA vina umbo la herufi L, kwa hivyo haviingii kinyumenyume. Kikikataa kuingia, kigeuze, usitumie nguvu.

Nikawasha. Nikabonyeza kitufe, trei ikatoka kama ulimi. Nikapiga kigelegele. Nikaangalia kwenye Windows: hakuna kitu. Draivu haipo.

Hapo nilipoteza jioni nzima. Nilibadilisha waya, nikazima, nikawasha, nikasoma, nikamtukana kaka ambaye hakuwepo. Hatimaye nikafikiri kama ninavyofikiri kazini: ni nini kinafanya kazi, ni nini hakifanyi? Trei inatoka, kwa hivyo umeme unafika. Tatizo liko kwenye njia ya data. Nikafungua kitabu cha ubao mama, na kwenye maandishi madogo ya chini nikakuta kwamba ukiweka diski ya M.2 kwenye nafasi fulani, tundu mbili za SATA zinazimwa. Kaka alikuwa na M.2 palepale. Na mimi nilikuwa nimechomeka kwenye moja ya tundu zilizokufa. Nikahamisha waya sentimita tatu. Ikaonekana.

Usitarajie pia kwamba Windows itakuchezea diski yenyewe, haiji na programu ya Blu-ray. Filamu za kununua zimefungwa kwa ufunguo wa siri na zinataka programu ya kulipia. Zina kanda vilevile: kwa DVD Kenya ni kanda ya 5 na Australia ya 4, ila kwa Blu-ray sote tuko kanda B. Lakini diski ya harusi iliyorekodiwa na mtu kwenye kompyuta yake kwa kawaida haina kufuli wala kanda. Unafungua folda ya BDMV, ndani yake STREAM, unakuta faili zinazoishia na m2ts. Nakili zote. VLC, ambayo ni bure, inazicheza.

Faili tatu zilinakilika vizuri. Ya nne ilikwama katikati, draivu ikawa inanguruma kama inakohoa. Niliitoa diski na mikono ikinitetemeka kidogo, sitaficha. Kwenye Blu-ray tabaka la data liko umbali wa milimita 0.1 tu kutoka usoni, tofauti na DVD ambayo ni 0.6, kwa hivyo alama ya kidole inaleta shida kubwa zaidi. Na kidole kilikuwepo, cha mafuta, sijui cha nani, pengine cha halua ya 2012. Nikapangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzunguka. Jaribio la tatu ikapita.

Ukiwa na diski kama hii, usingoje. Januari 2025 Sony ilitangaza kwamba ifikapo Februari itaacha kutengeneza Blu-ray tupu za kurekodia. Draivu nazo haziongezeki.

Jumamosi tulimtoa Baba na kaka, wakaenda Harris Park kunywa chai. Tukafunga mapazia. Mama, jirani wawili wa Kiswahili, na mimi na kipanya mkononi. Karibu dakika ya arobaini, mpiga video anarudi kinyumenyume kutafuta nafasi, na sauti inatoka pembeni kabla ya uso: "Ndoo huku mwanangu, usisimame ndiani."

Nilipokuwa mdogo Mama akisema "ndoo" na "ndia", nilidhani anakosea. Nilikuwa namsahihisha, jamani. Shule ya Kiswahili ya Jumamosi ilinifundisha "njoo" na "njia", nikamrudishia nyumbani mtu aliyezaliwa Mvita. Kumbe ndivyo Bibi alivyosema, na ndivyo walivyosema wote ukumbini, mamia ya wanawake.

"Rudisha," Mama akasema.

Nikarudisha. Sikuhesabu ni mara ngapi.

Nakala moja iko kwenye kompyuta, kwenye folda yenye nenosiri ambalo kaka halijui. Ya pili iko kwa Mama. Ya tatu ni ya Maskati, na haitumwi, itabebwa. Mama anatafuta mwanamke anayesafiri Disemba. Kama unamjua, niambie.